Kikulacho ki nguoni mwako: Kwa nini viumbe hufa kwa halaiki

MWEZI Mei mwaka wa 2015, swala aina ya saiga walikusanyika katika nyika za Kazakhstan, barani Asia, ili kuzaa kama ilivyo desturi yao kila majira ya machipuko. Siku chache baadaye wakaanza kuanguka. Majike walikufa kwanza, kisha wakafuata ndama waliokuwa wangali wakinyonya. Katika muda wa takriban wiki tatu, saiga zaidi ya 200,000 walikuwa wameangamia. Hao walikuwa zaidi ya nusu ya saiga wote waliokuwa wamesalia duniani.

Nyika haikuwa na ukame wala moto, na malisho yalikuwa tele. Wawindaji haramu, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamewaandama swala hao kwa sababu ya pembe zao, hawakuhusika. Kilichowatatiza zaidi wataalamu ni kwamba makundi yaliyotengana kwa mamia ya kilomita yalianza kufa karibu wakati mmoja. Maradhi ya kuambukiza hayaendi hivyo. Kwa kawaida huanzia mahali pamoja, yakapita kutoka kwa mnyama huyu hadi yule, na hatimaye yakawaacha baadhi yao hai. Katika makundi yaliyoathiriwa nyikani humo, karibu hakusalia hata mmoja.

Kisa hicho ni kimojawapo tu cha visa vingi vya vifo vya halaiki, yaani pale ambapo sehemu kubwa ya jamii moja ya mimea, wanyama au vijidudu huangamia kwa muda mfupi mno. Humu nchini tumewaona flamingo wakizagaa wafu kando ya maziwa ya Bonde la Ufa, matumbawe yakifa katika pwani yetu, mahindi yakinyauka Bomet na samaki wakielea wafu Ziwa Victoria. Kila mara swali la kwanza la wananchi huwa moja: Ni nani aliyewaua?

Swali hilo ni la haki, lakini mara nyingi halitoshi. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa aghalabu muuaji alikuwapo siku zote, akiishi ndani ya mwili, udongoni au majini bila kumdhuru mtu. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: Ni kitu gani kilichobadilika hata mwenyeji mpole akageuka kuwa muuaji?

Kufa kwa kawaida na kufa kwa halaiki

Kifo chenyewe si jambo la ajabu katika maumbile. Kila jamii ya viumbe hupoteza wazee, wagonjwa na wachanga mwaka mzima, na wanaozaliwa huchukua nafasi zao. Vifo hivyo hutawanyika kiasi kwamba mpita njia havioni. Mzoga mmoja huliwa na fisi na tai, na baada ya siku chache hakuna alama. Vifo vya halaiki huvunja mizani hii. Hutokea kwa siku au wiki chache, huwakumba wenye siha pamoja na wadhaifu, na huacha mizoga mingi kuliko wanavyoweza kuimaliza walaji wake.

Mwaka wa 2015, watafiti wakiongozwa na Samuel Fey wa Marekani walichapisha uchambuzi wa visa 727 vya vifo vya halaiki vya wanyama vilivyokuwa vimeripotiwa katika majarida ya kisayansi. Visa hivyo vilihusu jamii 2,407 za wanyama. Maradhi ndiyo yaliyoongoza kwa takriban asilimia 26 ya visa vyote, yakifuatwa na madhara yanayotokana moja kwa moja na shughuli za binadamu, hususan uchafuzi, kwa takriban asilimia 19. Hata hivyo, visa vilivyoangamiza wengi zaidi kwa mkupuo mmoja ni vile ambavyo sababu zaidi ya moja zilishirikiana.

Ushirikiano huo hufanikiwa pale ambapo mambo matatu yapo. La kwanza ni msongamano: viumbe wanaoishi wamebanana huambukizana upesi, hula chakula kimoja na hunywa maji mamoja. La pili ni kufanana. Viumbe wa umri mmoja, mbegu moja au hali moja ya mwili wana udhaifu mmoja, kwa hivyo kinachomwangusha mmoja huwaangusha wote. La tatu ni kikomo cha uvumilivu. Kila kiumbe huweza kustahimili joto, njaa au ukosefu wa hewa hadi kiwango fulani. Chini ya kiwango hicho huonekana mzima kabisa. Kikivukwa kidogo tu, huanguka, na kwa kuwa wenzake wana kikomo kile kile, nao huanguka siku ile ile.

Mkaazi wa kooni

Turejee kwa saiga. Uchunguzi wa mizoga ulionyesha kuwa swala hao waliuawa na bakteria aitwaye Pasteurella multocida, ambaye alikuwa ameingia katika damu na kusababisha kuvuja damu ndani ya viungo. Lakini bakteria huyo hakuwa mgeni. Huishi katika mafindofindo ya saiga wazima, na hukaa humo bila kuwadhuru. Ndiyo sababu makundi yaliyotengana yaliweza kufa kwa wakati mmoja: hakuna aliyehitaji kumwambukiza mwenzake, kwani kila mmoja alikuwa tayari amembeba muuaji wake.

Kilichobadilika ni hali ya anga. Matokeo ya uchunguzi huo, yaliyochapishwa mwaka wa 2018 na kundi lililoongozwa na Richard Kock, daktari wa mifugo aliyewahi kuhudumu katika Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini, KWS, yalionyesha kuwa siku zilizotangulia vifo hivyo zilikuwa na joto na unyevunyevu usio wa kawaida kwa majira hayo. Watafiti walipopekua kumbukumbu za vifo vya halaiki vya saiga vya miaka ya 1981 na 1988, walikuta kuwa navyo vilitanguliwa na hali ya anga ya namna hiyo. Majike waliokuwa wametoka kuzaa walikuwa wamechoka, wamebanana mahali pamoja, na wote wakiwa katika hali moja ya mwili. Masharti yote matatu yalikuwa yametimia.

Wafugaji wetu hawatashangazwa na habari hii. Bakteria wa jamii hiyo hupatikana puani na kooni mwa ng'ombe wenye afya njema. Lakini ng'ombe hao wakisafirishwa mwendo mrefu ndani ya lori, wakiwa na njaa, kiu, vumbi na hofu, baadhi yao hushikwa na homa kali ya mapafu muda mfupi baada ya kuteremshwa. Ugonjwa haukuwangojea sokoni, kwani walisafiri nao.

Barani Afrika pia kisa kinachofanana na hicho kilitokea mwaka wa 2020, ndovu 35 walipokufa kaskazini magharibi mwa Zimbabwe mwishoni mwa msimu wa kiangazi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2023 ulipata, katika baadhi ya sampuli, bakteria aliye na ujamaa na yule aliyewaua saiga. Ndovu hao walikufa wakati wa joto kali, ambapo maji na malisho yalikuwa haba na walilazimika kutembea mbali kuyatafuta.

Sumu na njaa katika maziwa ya Bonde la Ufa

Wakati mwingine mwenyeji anayegeuka kuwa adui haishi mwilini mwa anayekufa, bali katika maji anayoyanywa. Mwaka huo huo wa 2020, takriban ndovu 350 walikufa karibu na bonde la Okavango nchini Botswana. Serikali ya nchi hiyo ilitangaza mwezi Septemba kuwa chanzo kilikuwa sumu ya sianobakteria, yaani vijidudu vya rangi ya kijani na samawati vinavyoota majini. Uchunguzi wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka wa 2024 uliunga mkono maelezo hayo kwa kuonyesha kuwa vijidudu hivyo vilikuwa vimeongezeka katika vidimbwi walimokunywa ndovu.

Sisi Wakenya tulikwisha kuonywa kuhusu sumu hiyo na flamingo, ndege ambaye kwa Kiswahili sanifu huitwa heroe. Katika miaka ya 1990 flamingo wadogo walikufa kwa maelfu katika maziwa ya Nakuru na Bogoria. Wengine walionekana wakiwa wamepinda shingo kuelekea mgongoni kabla ya kukata roho. Shutuma zilielekezwa kwa madini mazito kutoka mjini, na pia kwa kifua kikuu cha ndege. Baadaye watafiti, miongoni mwao Lothar Krienitz wa Ujerumani na Kiplagat Kotut wa hapa Kenya, waligundua sumu za sianobakteria, moja inayoharibu ini na nyingine inayoshambulia neva. Sumu hizo zilipatikana katika utando unaoota kando ya chemchemi za maji moto za Bogoria, ambako flamingo huenda kunywa na kuoga, na pia ndani ya miili ya ndege waliokufa.

Hapa pana jambo la kutafakari. Chakula kikuu cha flamingo mdogo pia ni sianobakteria, wa aina isiyo na sumu aitwaye Arthrospira, ambaye huyafanya maji ya maziwa hayo yawe mazito na ya kijani. Ndege huyo huchuja maji kwa mdomo wake na kumeza vijidudu hivyo. Kwa hivyo kinachomlisha na kinachomuua ni ndugu, tena wanaishi ziwa moja. Kiasi cha chumvi, joto na kina cha maji kikibadilika, ndugu mmoja hupungua na mwingine hushamiri.

Kuna pia njia nyingine ambayo flamingo hupata madhara, nayo inatufikisha kwenye vifo vya halaiki vya vijidudu vyenyewe. Mara kwa mara Arthrospira wa Ziwa Nakuru hutoweka ghafla. Maji yaliyokuwa ya kijani hubadilika rangi, na flamingo waliokuwa wamelipamba ziwa kwa uwaridi huhama au hudhoofika kwa njaa. Mwaka wa 2014, watafiti wakiongozwa na Peter Peduzzi wa Chuo Kikuu cha Vienna nchini Austria walichapisha ushahidi kwamba kinachowamaliza vijidudu hao ni virusi. Idadi ya virusi waliyoipata katika maji ya Nakuru ilikuwa kubwa kuliko nyingine yoyote iliyokuwa imewahi kupimwa katika maji ya asili hadi wakati huo.

Virusi hivyo haviwezi kumwambukiza ndege wala binadamu. Kimoja huingia ndani ya seli ya sianobakteria, kikazaana humo hadi seli ikapasuka na kumwaga virusi vingine vingi majini. Endapo seli ni chache na zimetawanyika, virusi vingi hupotea bila kupata pa kuingia. Lakini pale ambapo ziwa limejaa seli za aina moja, kila kirusi kinachotoka hukutana na seli nyingine mara moja. Kushamiri kwenyewe ndiko kunakofungua mlango wa maangamizi. Na kwa kuwa flamingo wote walitegemea chakula kimoja, kifo cha kijidudu kisichoonekana kwa macho huishia kwa kulifanya ziwa zima libakie bila ndege.

Digrii moja baharini

Pwani yetu ilipata mfano ulio wazi kabisa wa kikomo cha uvumilivu mwaka wa 1998. Tumbawe ni mnyama, ingawa kwa macho hufanana na jiwe au mmea. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo sana ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea mwenye nyumba. Mwani huo ndio unaolipa tumbawe rangi yake.

Maji yanapopata joto la takriban digrii moja ya selsiasi kupita kiwango cha juu cha kawaida cha mahali hapo, na joto hilo likadumu kwa majuma kadhaa, ushirika huo huvunjika. Mwani huanza kutoa kemikali zinazomdhuru mwenyeji wake, naye huufukuza. Tumbawe hupauka likawa jeupe. Halijafa bado, lakini lina njaa. Joto likipungua mapema, mwani hurejea na tumbawe hupona. Likiendelea, hufa.

Mwaka wa 1998, joto lililoletwa na El Nino lilidumu. Katika sehemu nyingi za mwambao wa Kenya, kati ya nusu na asilimia 90 ya matumbawe yalikufa. Miamba iliyokuwa malisho na maficho ya samaki ikabaki mifupa iliyofunikwa na mwani wa kawaida. Madhara hayo hayakuishia kwa watalii waliopenda kupiga mbizi, kwani mvuvi mdogo wa Malindi au Msambweni hutegemea samaki wa miambani kila siku. Tangu hapo bahari imezidi kupata joto, na mwezi Aprili mwaka wa 2024 wanasayansi walitangaza kwamba matumbawe yalikuwa yakipauka kote ulimwenguni kwa mara ya nne katika kumbukumbu.

Upungufu wa hewa ndani ya maji hufanya kazi kwa namna iyo hiyo. Mwishoni mwa mwaka wa 2022, wafugaji wa samaki katika vizimba vya Ziwa Victoria upande wa Kisumu waliamka na kukuta samaki wao wakielea wafu. Wengi walishuku sumu. Watafiti wa masuala ya bahari na uvuvi walieleza kuwa tatizo lilikuwa upungufu wa oksijeni. Maji ya chini ziwani, ambako mabaki ya mwani na uchafu huoza, huwa na hewa kidogo mno. Upepo na mabadiliko ya joto huweza kuyapandisha maji hayo hadi juu. Samaki aliye huru huogelea akaenda zake. Aliye ndani ya kizimba, akiwa amebanana na maelfu ya wenzake wa umri mmoja, hana pa kukimbilia.

Virusi viwili shambani

Mimea nayo haijasazwa. Mwezi Septemba mwaka wa 2011, wakulima wa eneo la Longisa katika Kaunti ya Bomet waliona mahindi yao yakigeuka manjano kuanzia majani ya juu, yakikauka kabla ya kukomaa, na magunzi yakibaki bila punje. Mashamba mengine hayakutoa hata debe moja. Ugonjwa huo, unaojulikana kwa kifupi kama MLN, ulienea katika maeneo mengine ya Bonde la Ufa, na katika miaka miwili iliyofuata ukaripotiwa Tanzania, Uganda na Rwanda.

Wataalamu waligundua kuwa MLN haisababishwi na kirusi kimoja. Kimoja kati ya viwili vilivyokutwa ni kile kinachoshambulia miwa, ambacho kilikuwapo humu nchini kwa miaka mingi na madhara yake kwa mahindi yalikuwa ya kuvumilika. Cha pili kilikuwa kipya katika nchi yetu. Kila kimoja peke yake humpunguzia mkulima mavuno. Vinapokutana katika bua moja, mmea hufa.

Mgeni huyo alipokelewa na mazingira yaliyomfaa. Mahindi hupandwa msimu baada ya msimu katika shamba lile lile, na jirani naye hupanda mahindi. Daima kulikuwa na majani mabichi ya kuvihifadhi virusi, na wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa kuvisafirisha. Ndiyo maana ushauri wa kwanza uliotolewa kwa wakulima haukuwa dawa ya kunyunyizia. Waliambiwa wapande maharagwe, viazi au zao lingine lisilo la jamii ya nyasi kwa msimu mmoja, ili virusi vikose makao. Isitoshe, mwaka wa 2013 kituo cha kupimia mbegu zinazostahimili ugonjwa huo kilifunguliwa Naivasha kwa ushirikiano wa watafiti wa kilimo nchini na shirika la kimataifa la CIMMYT.

Mgeni na mwenyeji

Haifai, hata hivyo, kudhani kuwa kila kifo cha halaiki husababishwa na mkaazi wa siku nyingi. Sotoka ilikuwa mgeni kamili. Iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kabla ya miaka kumi kwisha ilikuwa imefika kusini mwa bara. Ng'ombe, nyati na nyumbu hawakuwa wamewahi kukutana na kirusi hicho, hivyo hawakuwa na kinga yoyote. Wamaasai walipoteza karibu mifugo yao yote, na njaa iliyofuata iliua watu wengi.

Lakini mgeni anaweza kufukuzwa. Daktari wa mifugo Walter Plowright pamoja na wenzake waliunda chanjo bora ya sotoka wakiwa Muguga, karibu na Nairobi, kufikia mwanzo wa miaka ya 1960. Kisa cha mwisho kuthibitishwa duniani kilipatikana kwa nyati wa Mbuga ya Meru mwaka wa 2001, na mwaka wa 2011 ulimwengu ukatangazwa kuwa huru kutokana na maradhi hayo. Kenya basi ina historia ya pekee katika ushindi huo.

Tofauti kati ya mgeni na mwenyeji ndiyo inayofaa kuongoza hatua zetu. Mgeni huzuiwa mipakani, hutafutiwa chanjo na huweza kumalizwa kabisa. Mwenyeji hawezi kumalizwa. Hakuna anayeweza kuwatoa bakteria wote makooni mwa swala, sianobakteria wote katika Bogoria au spora zote za kimeta udongoni, ambazo hukaa humo kwa miongo kadhaa zikingoja mvua na ukame wa kuzifichua. Tunaloweza kufanya ni kuyatunza mazingira yanayomweka mwenyeji katika upole wake: kupunguza mbolea na maji taka yanayoingia ziwani, kutobananisha vizimba, kubadilisha mazao, kuwaachia wanyama njia za kufikia maji wakati wa kiangazi, na kupunguza moshi unaoongeza joto la dunia.

Atakayepona na asiyepona

Je, jamii iliyokumbwa na vifo vya halaiki huweza kurejea? Jibu hutegemea kasi ya kuzaana kwake na iwapo chanzo kimeondoka. Saiga jike huweza kuzaa akiwa na umri wa mwaka mmoja, na mara nyingi hujifungua pacha. Aidha, Kazakhstan iliimarisha ulinzi wao dhidi ya wawindaji haramu. Kufikia mwaka wa 2023, nchi hiyo ilikuwa na saiga zaidi ya milioni 1.9, na mwaka huo swala huyo akaondolewa katika orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa zaidi ya kuangamia.

Ndovu hana bahati hiyo. Hubeba mimba kwa takriban miezi 22 na huzaa mtoto mmoja. Pengo lililoachwa na mamia ya ndovu haliwezi kuzibwa kwa miaka michache. Matumbawe nayo huhitaji miaka mingi kukua, na joto likirudi kabla hayajakomaa, hurudishwa nyuma tena.

Kwa mwananchi wa kawaida, maarifa haya yana matumizi ya mara moja. Anayekuta wanyama kadhaa wamekufa mahali pamoja asiwapasue wala kuwachuna, na asile kibudu hata kama njaa inamkabili. Mnyama aliyekufa kwa kimeta akipasuliwa, spora humwagika udongoni na huweza kumuua aliyeshika kisu. Badala yake awaarifu maafisa wa mifugo au wa KWS mapema, kabla ya fisi, mbwa na jua kuharibu ushahidi. Na anapotoa ripoti, asiishie kwa idadi ya mizoga. Aeleze pia mvua ilinyesha lini, maji yalibadilika rangi siku gani, upepo ulivuma kutoka wapi, na mifugo ilikuwa imetembea umbali gani.

Maelezo hayo humsaidia mtaalamu kuliko mzoga wenyewe, kwani mzoga humwambia ni nani aliyeua, ilhali maji, anga na malisho humwambia ni kwa nini ameua sasa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa kuwa nguo yenyewe hatuwezi kuivua, hatuna budi kuiweka safi.